Sungura wa Mama Mkwe

Kinyozi: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

Mama Mkwe: [mkwaruzo] ...nasema hivi, unanisikia?

Kinyozi: Sauti inakwaruza. Hapa ni kwa kinyozi. Kama unataka kujua foleni, mbele yako wapo watatu, na wa kwanza ana kichwa kiku—

Mama Mkwe: Foleni gani? Mkweo hapa.

Kinyozi: [kitu kinaanguka] Mama! Shikamoo, mama. Shikamoo.

Mama Mkwe: Marahaba. Umeangusha nini?

Kinyozi: Kitana, mama. Kitana tu. Hii namba siijui, ndiyo maana nika—

Mama Mkwe: Simu ya jirani yangu wa kitanda. Yangu iko kwa manesi, inachajiwa. Tangu lini kitana kikalia kama beseni?

Kinyozi: Ni... kitana kikubwa. Pole, mama. Mguu unaendeleaje?

Mama Mkwe: Mguu wameutundika juu kama nguo kwenye kamba. Leo siku ya kumi na tisa. Ila sikukupigia habari ya mguu. Binti yangu yuko wapi?

Kinyozi: Kazini, posta, mpaka saa kumi.

Mama Mkwe: Vizuri. Basi tuzungumze wewe na mimi. Sungura wangu hawajambo?

Kinyozi: Hawajambo kabisa, mama! Wote wawi... wote watatu.

Mama Mkwe: Wote wawi?

Kinyozi: Watatu. Kamishna, Mtoro, na... na yule mwingine.

Mama Mkwe: Yule mwingine ana jina.

Kinyozi: Pamba.

Mama Mkwe: Pamba. Nilidhani umemsahau. [mkwaruzo] Haya. Leo asubuhi maji yao yaliganda?

Kinyozi: Yaliganda mpaka chupa ikapasuka. Lakini usijali, nimewawekea bakuli zito la udongo, nabadilisha mara tatu kwa siku. Maji ya uvuguvugu.

Mama Mkwe: Uvuguvugu, si ya moto?

Kinyozi: Nachovya kiwiko kwanza, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Mama Mkwe: Hm. Banda umeliinua?

Kinyozi: Limekaa juu ya matofali manne. Mgongo nimeugeuzia upepo. Chini mabua makavu, yananifika huku kwenye... mama hunioni, lakini yananifika hapa. Chakula nimeongeza, maana uliniambia kipupwe tumbo tupu linaganda.

Mama Mkwe: Na turubai?

Kinyozi: Turubai lipo.

Mama Mkwe: Lipo wapi?

Kinyozi: Lipo juu.

Mama Mkwe: Juu ya banda?

Kinyozi: Kwa sasa, ndiyo.

Mama Mkwe: Kwa sasa. Na juzi?

Kinyozi: Mama, naona mtandao unaa... kkhhh... unaka... kkhhh...

Mama Mkwe: Huo si mtandao. Huo ni mdomo wako.

Kinyozi: Ndiyo, mama.

Mama Mkwe: Mtandao hauna mate. Endelea.

Kinyozi: Mwalimu, tulia kidogo, usikiguse kichwa... Samahani mama, nina mteja kwenye kiti. Mwalimu wa hesabu. Nimefika nusu.

Mama Mkwe: Nusu ya nini?

Kinyozi: Ya kichwa.

Mama Mkwe: Mwambie asubiri. Tena mwambie baridi ya upande mmoja haiui. Kuta za banda umeziba? Ule ubao wa nyuma una nyufa, upepo unapita kama uko kwao.

Kinyozi: Hapo sasa! Hapo utanisifu, mama. Nimepigilia ubao wa pili nyuma ya ule wa kwanza. Katikati nimejaza viroba. Ukitia mkono mle ndani huwezi kujua kama nje kuna baridi.

Mama Mkwe: Viroba vya nini?

Kinyozi: Vya... vitu laini.

Mama Mkwe: Vitu laini gani?

Kinyozi: Vinavyopatikana dukani kwangu.

Mama Mkwe: Nywele?

Kinyozi: Nywele, mama.

Mama Mkwe: Umewajengea sungura wangu ukuta wa nywele za watu?

Kinyozi: Joto lake si la kawaida! Na kila siku nilikuwa nazitupa. Wiki tatu hizi nimeweka akiba, nikashindilia.

Mama Mkwe: Kwa hiyo Kamishna analala ameegemea kichwa cha nani?

Kinyozi: Upande wake... nadhani mkuu wa posta. Na kidogo fundi bomba.

Mama Mkwe: [sauti za kicheko kwa mbali] Na Mtoro?

Kinyozi: Mtoro amechanganyiwa timu nzima ya mpira. Mama, nani anacheka huko?

Mama Mkwe: Hakuna anayecheka. Kitanda cha nne ana kikohozi.

Kinyozi: Kikohozi cha watu watano?

Mama Mkwe: Kinaambukiza. Sikiliza, hivyo viroba umeshona midomo? Wakitafuna nywele zitawaziba matumbo, na hapo tutaongea lugha nyingine.

Kinyozi: Nimeshona mara mbili, kisha ubao, kisha wavu mdogo. Hata panya akileta fujo hapiti.

Mama Mkwe: Si kazi mbaya.

Kinyozi: Umesemaje, mama? Hapo umekatika.

Mama Mkwe: Umenisikia. Sasa, hii wodi ina dirisha halifungi, baridi inaniingia mabegani. Nataka sweta langu. Lile la zambarau, la shingo ndefu. Mwenzio aje nalo jioni.

Kinyozi: [kimya kirefu]

Mama Mkwe: Upo?

Kinyozi: Nipo. Lile la zambarau?

Mama Mkwe: Ninayo mangapi ya zambarau?

Kinyozi: Hilo, mama, limefuliwa, bado bichi.

Mama Mkwe: Lote?

Kinyozi: Sehemu kubwa.

Mama Mkwe: Sehemu kubwa! Sehemu ndogo iko wapi?

Kinyozi: Mkono mmoja haujafuliwa. Uko... una matumizi.

Mama Mkwe: [kikohozi cha watu wengi] Nyamazeni nyie! ...Si wewe, mkwe wangu. Mkono wa sweta langu una matumizi. Sawa. Tuliache hilo. Turudi kwa Pamba. Nafurahi sana yule ndiye mwenye manyoya marefu, maana baridi kama hii asingekuwa nayo ningekosa usingizi. Manyoya yake yakoje?

Kinyozi: Manyoya yapo, mama.

Mama Mkwe: Yapo vizuri?

Kinyozi: Yapo vizuri sana. Nimeyahifadhi.

Mama Mkwe: Umeyahifadhi wapi?

Kinyozi: Kwenye mfuko.

Mama Mkwe: Na Pamba mwenyewe yuko wapi?

Kinyozi: Kwenye beseni.

[kelele, watu wanacheka, mtu anapiga makofi]

Kinyozi: Mama, naomba nieleze! Mama, usikate!

Mama Mkwe: Sikati ng'o. Eleza. Taratibu, usiruke kitu.

Kinyozi: Juzi kulipambazuka na ule upepo. Nikaenda kwako kabla sijafungua duka. Kufika, turubai liko kwenye ua wa jirani, mvua imeingia bandani, halafu ikaganda. Kamishna na Mtoro walikuwa wamejichimbia ndani ya mabua, wakavu. Pamba yeye alikuwa ameegemea wavu wa mbele. Yale manyoya marefu yalikuwa yamepita kwenye matundu, yakalowa, yakaganda nje. Barafu tupu, mama. Ameshikwa ubavu mzima. Akijaribu kutoka, ngozi inavutika.

Mama Mkwe: Hili hukumwambia binti yangu.

Kinyozi: Nilimwambia nimemnyoa, basi. Nilitaka kummwagia maji ya moto, birika nilikuwa nalo mkononi. Nikakumbuka maneno yako, kwamba sungura baridi kavu anaimudu, kinachomwua ni majimaji. Nikarudisha birika. Nikaenda kwenye begi nikachukua mashine.

Mama Mkwe: Ile ya betri?

Kinyozi: Ile ndogo. Nikalala kifudifudi kwenye tope, nikapitisha mkono chini ya wavu. Nikakata karibu na ngozi, kidogo kidogo, mpaka akaachia.

Mama Mkwe: Ubavu mmoja.

Kinyozi: Ubavu mmoja na tumbo, mama. Tumboni manyoya yalikuwa yameshikana kama mkeka.

Mama Mkwe: Hapo nimekuelewa. Sasa niambie, na ubavu wa pili uligandaje?

Kinyozi: Ubavu wa pili haukuganda.

Mama Mkwe: Enhe?

Kinyozi: Lakini mama, ningemwachaje vile? Upande huu uchi, upande huu kichaka! Watu wakiuliza nani kamnyoa, jina langu linakwenda wapi? Nikasawazisha.

Mama Mkwe: Ukasawazisha.

Kinyozi: Nikamwachia na kishungi kidogo katikati ya masikio. Kimempendeza, kusema kweli.

Mama Mkwe: Kimempendeza. Nimeona.

Kinyozi: Um... umeona?

Mama Mkwe: Picha ninayo tangu jana. Mwenzio alinitumia. Pamba ndani ya mkono wa sweta langu la zambarau, kichwa nje, kishungi juu, ananiangalia kama mtu aliyenyimwa kazi. Wodi nzima imeiona. Daktari ameiona, akaiomba na yeye.

Kinyozi: Kwa hiyo muda wote huu ulikuwa unajua!

Mama Mkwe: Siku kumi na tisa naangalia dari. Ulitaka nicheke na nini, na mguu?

Kinyozi: Mama, mimi hapa jasho limeniloa, na nje kuna barafu.

Mama Mkwe: Jifute. Sasa nakuuliza la kweli, usinifiche hata kidogo. [mkwaruzo] Anakula?

Kinyozi: Juzi hakula. Jana hakula.

Mama Mkwe: Siku mbili.

Kinyozi: Nilimpa nyasi, karoti, majani ya brokoli. Anageuza uso. Nikamweka ndani ya shati langu, nikafanya kazi naye siku nzima. Wateja wanadhani nimenenepa. Nikawa nampa maji kwa kijiko, tone, tone.

Mama Mkwe: Sungura asipokula siku mbili...

Kinyozi: Najua, mama. Uliniambia. Ndiyo maana sikupiga simu. Nilikuwa nangoja niwe na neno la kukuambia.

Mama Mkwe: Unalo?

Kinyozi: Leo asubuhi nimegeuka kidogo kuchukua poda, nasikia kru, kru, kru. Natazama, anatafuna kona ya kalenda yangu.

Mama Mkwe: Kalenda?

Kinyozi: Wiki ya pili yote imekwenda. Nikampa nyasi haraka, akazila! Halafu jani la karoti. Halafu akataka na kamba ya mashine, nikamnyima.

Mama Mkwe: Amekunya?

Kinyozi: Mama?

Mama Mkwe: Usione haya, mimi si mgeni. Amekunya?

Kinyozi: Amekunya, mama. Vidonge nane. Vya mviringo, vikavu. Nimevihesabu mimi na mwalimu.

Mama Mkwe: Nane! [mbali na simu] Amekunya nane! [shangwe, mtu anapiga kigelegele] ...Ngoja. Ngoja kwanza, nijifute pua.

Kinyozi: Jifute, mama. Niko hapa.

Mama Mkwe: Mafua haya. Dirisha nimekwambia halifungi. Sasa sikiliza, huyo asirudi nje. Akishazoea joto ukamtoa nje kwenye barafu, ndiyo umemuua. Akae ndani mpaka manyoya yafike urefu wa kidole. Na usimsogeze karibu na hita, atakaukiwa. Hao wawili wengine waache huko huko na ukuta wao wa posta. Usiwaonee huruma ukawaingiza na wao.

Kinyozi: Sawa, mama. Na sweta, nitakutafutia jingine.

Mama Mkwe: La nini? Lile lilinibana. Alinifumia yule mfamasia.

Kinyozi: Mfamasia yupi?

Mama Mkwe: Unamjua. Yule niliyetaka amwoe binti yangu.

Kinyozi: Mfamasia anafuma?

Mama Mkwe: Alikuwa na mambo mengi. [kicheko] Lakini angekuta Pamba kashikwa na barafu, angempa kidonge. [mkwaruzo] Mkwe wangu.

Kinyozi: Naam, mama.

Mama Mkwe: Ulipomnyoa, alilia?

Kinyozi: Hapana. Mwanzo moyo ulimwenda mbio, nausikia mpaka kwenye vidole. Nikamfunika macho kwa kiganja, nikawa nampigia soga. Akatulia.

Mama Mkwe: Soga gani?

Kinyozi: Za dukani tu. Nani kaoa, nani kanyolewa vibaya kwingine.

Mama Mkwe: Na yale yaliyoshikana, hayakumuuma?

Kinyozi: Ukivuta ndiyo unaumiza. Mimi sivuti. Naanzia chini kwenye ngozi, naacha yaachie yenyewe.

Mama Mkwe: Huvuti.

Kinyozi: Sivuti, mama.

Mama Mkwe: [kimya] Hapa wanavuta.

Kinyozi: Nani?

Mama Mkwe: Nesi wa asubuhi. Hana ubaya, ana haraka tu. Nimelalia kisogo kimoja siku zote hizi, nywele zimeshikana, hakuna chanuo linalopita huko nyuma. Anasema kesho analeta mkasi. Nimeuona huo mkasi. Ndio wanaokatia bendeji.

Kinyozi: Mwenzangu anajua?

Mama Mkwe: Akija najifunga kitambaa, namwambia ni baridi. Akiona atalia, akilia yeye nitalia mimi. Na kulia ukiwa chali, machozi yanaingia masikioni. Sitaki.

Kinyozi: Mashine ndogo nimeichaji leo, mama. Imejaa.

Mama Mkwe: Sikukuuliza habari za mashine.

Kinyozi: Hukuniuliza. Nimesema tu.

Mama Mkwe: Saa ya kuona wagonjwa mchana ni saa nane.

Kinyozi: Leo nafunga saa saba.

Mama Mkwe: Foleni je?

Kinyozi: Watakuja kesho na vichwa vyao, havikimbii. Nitaosha mashine kwa spiriti, nitakuja na taulo jipya, na ile poda isiyo na harufu. Miaka kumi na moja ya ukwe wetu, mama, hujawahi kukaa kwenye kiti changu.

Mama Mkwe: Na leo sikai. Nimelala. Usihesabu.

Kinyozi: Sihesabu.

Mama Mkwe: Na usije ukanisawazisha kupita kiasi. Acha cha kushika. Wala kishungi sitaki.

Kinyozi: Hata kidogo tu, katikati ya—

Mama Mkwe: Thubutu! [kicheko] Halafu... ukifika huko nyuma, kwenye kisogo...

Kinyozi: Nitakufunika macho, mama.

Mama Mkwe: [kimya] Haya. [mlio wa simu, mara mbili] Salio la watu linaisha hilo. Fanya haraka. Kuja uje na betri ya akiba, kitanda cha nne anauliza bei, na kitanda cha sita kavua kitambaa tayari.

Kinyozi: Kitanda cha sita naye?

Mama Mkwe: Usishangae, njoo. Mlangoni kuna askari mkorofi. Akikuuliza wewe nani, mwambie ni mwanangu.

Kinyozi: Mwanao?

Mama Mkwe: Saa nane wakwe hawaruhusiwi.

Kinyozi: Kweli, mama? Wakwe hawaruhusiwi?

Mama Mkwe: [mlio wa simu] Wanaruhusiwa. Wewe sema hivyo hivyo, nime—

[simu inakatika]